Gari Lililovishwa: Rangi, Sheria na Neno

Miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kutoka ng'ambo ya bahari, tukayafanya yetu hata tukasahau asili yake, limo neno rangi. Lilitoka katika Kiajemi, likatua pwani, likapanda bara pamoja na misafara, na leo hakuna mtoto wa Kinama, wala wa Buyenzi, wala wa Ujiji, asiyelijua. Lakini neno hili lina tabia moja ambayo sisi walimu huipita kila siku darasani bila kuisimamia. Lina maana mbili. Rangi ni kile kinachoonekana kwa jicho: wekundu wa udongo, weupe wa unga wa muhogo, ubuluu wa Ziwa Tanganyika wakati wa asubuhi. Na rangi ni kile kinachouzwa dukani ndani ya kopo, ambacho fundi hukikoroga na kukipaka ukutani. Mfaransa anayo maneno mawili kwa mambo hayo mawili, couleur na peinture, na Mwingereza naye vivyo hivyo. Sisi tunalo moja tu, nalo limetutosha kwa karne nyingi bila matata.

Limetutosha, nasema, mpaka ilipofika karatasi ya plastiki. Siku hizi mtu anaweza kubadili rangi ya gari lake lote bila kununua kopo hata moja la rangi. Hapo ndipo maana zile mbili zinapoachana njia, na mwenye gari anaweza kujikuta katikati ya njia panda, mbele ya askari, akiulizwa swali ambalo ni la sheria na la sarufi kwa pamoja.

Mambo haya yalimfika jirani yangu hapa Kinama. Wasiopajua Kinama nitawaeleza kwa ufupi: ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge. Ni mtaa wa watu wa kazi, ulioteseka sana katika vita vya miaka ya 1990, ukajengwa upya na wenyewe. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya karatasi. Kiswahili ni lugha ya soko, ya garaji na ya safari. Magari yetu mengi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakavuka Tanzania nzima kuja kwetu. Ndiyo maana utaona usukani uko kulia, hali sisi Warundi twaendesha upande wa kulia wa barabara. Na kwa kuwa wanunuzi wote hutafuta aina zile zile zisizokula mafuta mengi, basi barabarani magari hufanana kama mapacha, na mengi ni meupe.

Jirani yangu huyo ni mfanyabiashara wa makamo. Gari lake dogo la mizigo ndilo shamba lake. Alichoka kuwa mmoja kati ya weupe mia moja. Akapata fundi kijana aliyejifunza kazi ya kuvisha magari, akamwachia gari kwa siku tatu. Lilipotoka, lilikuwa la buluu iliyokoza, isiyong'aa, kama kaniki iliyofuliwa mara moja tu. Watoto wa mtaa walilizunguka. Nasi watu wazima tulilipitia, mmoja mmoja, tukijifanya tuna shughuli upande ule.

Yafaa nieleze kazi yenyewe, kwani si ya kudharauliwa. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa plastiki ya namna ile ile itumikayo katika mabomba ya maji, ambayo kwa asili yake ni ngumu na huvunjika. Mwaka wa 1926 Mmarekani Waldo Semon aligundua njia ya kuilainisha, na tangu hapo ikafaa kufanywa ngozi, kitambaa na utando. Karatasi ya magari ni nyembamba sana: unene wake hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Upande mmoja una gundi. Fundi huliosha gari, huliondolea mafuta na vumbi lote, kisha huilaza karatasi, huipasha kwa hewa ya moto ili inyumbuke, na huisukuma kwa kibao laini mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Penye kona na vipini hukata kwa wembe. Mkono ukitetemeka, wembe huacha kovu katika rangi iliyo chini. Karatasi nzuri hudumu miaka 5 hadi 7. Jua kali hupunguza umri huo, na pembe zake huanza kubanduka.

Lakini kuna jambo moja la kazi hii ambalo lilikuja kuwa ushahidi. Fundi huvisha nje tu. Ukifungua mlango, fremu yake hubaki na rangi ya kiwandani. Ukiinua boneti, ndani ni vivyo hivyo. Basi jirani yangu alipofika mpakani, akiwa na abiria watatu na fedha za watu za kununulia mchele upande wa Tanzania, ofisa alitazama hati, akatazama gari, kisha akafungua mlango. Hati yasema gari jeupe. Nje ni la buluu. Ndani ni jeupe. Ofisa yeyote mwenye akili timamu angefikiri lile lile alilofikiri yule: gari hili limeibwa, nalo limevalishwa joho ili lisitambulike.

Abiria waliondoka kwa gari jingine. Gari likabaki. Jirani yangu akarudi Bujumbura kwa basi kutafuta ankara ya muuzaji na risiti ya fundi, na jioni ile akaja kwangu. "Mwalimu," alisema, "niandikie barua ya Kiswahili kizuri, Kiswahili cha ofisi. Waeleze kwamba mimi sikubadili rangi. Mimi sikupaka kitu. Nimelivisha tu."

Wasomaji wapenzi, hebu tuyapime maneno hayo, kwani si ya mjinga. Mle ndani mna hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba hakupaka. Ni kweli, hakupaka. Ikiwa rangi ni ile ya kwenye kopo, basi gari lake lina rangi ile ile lililotoka nayo kiwandani, tena imehifadhiwa salama chini ya plastiki kuliko ya magari yote ya mtaani. Lakini daftari la magari halikuwekwa kwa ajili ya kujua gari limepakwa nini. Liliwekwa ili mtu aliyesimama kando ya barabara, anayeliona gari kwa sekunde mbili likipita, aweze kusema: ni lile. Mtu huyo haoni kopo, huona rangi. Kwa hiyo pale hati inaposema rangi, maana yake ni ya kwanza kati ya zile mbili: rangi inayoonekana. Nyenzo si hoja. Iwe ni rangi ya mafuta, plastiki, au hata kitambaa kilichoshonwa, sheria inayoitazama rangi huutazama uso wa gari.

Hoja ya pili ni ya mavazi. Mimi nikivaa shati jekundu leo, aliniuliza, je, nitakwenda kubadilisha kitambulisho changu? Swali tamu, nalo lilinifanya nicheke. Lakini mtu ana uso, sauti na mwendo. Shati si yeye. Gari la namna ile lina ndugu maelfu waliotoka katika kalibu moja. Tofauti yao ni namba ya usajili, ambayo hufunguliwa kwa bisibisi, namba ya fremu, ambayo imejificha chini ya boneti au kiti, na rangi. Tena magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la kwao hubeba namba fupi ya fremu, si ile ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingi duniani, hata ofisa asiyeyazoea huisoma kwa mashaka. Rangi, basi, ndiyo uso.

Hoja ya tatu ni kwamba vazi huvuliwa: mabadiliko haya ni ya muda. Hapa nakiri kwamba hoja ina uzito. Tangazo la duka lililobandikwa mlangoni kwa mwezi mmoja halilifanyi gari kuwa gari jingine. Lakini gari zima likivishwa kwa miaka 5, huo si muda wa tangazo. Ni umri wa mtoto mpaka aanze shule.

Je, ni wapi ilikoanza desturi ya kuandika rangi katika daftari? Watu wengi hudhani ni amri ya dunia nzima. Sivyo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani huyataja mambo ambayo cheti cha usajili hakina budi kuwa nayo: namba ya usajili, tarehe ya usajili wa kwanza, jina na makazi ya mwenye cheti, jina la mtengenezaji, namba ya fremu, na kadhalika. Rangi haimo. Kwa hiyo nchi inayoandika rangi huiandika kwa hiari na hekima yake yenyewe.

Uingereza iliichagua njia hiyo mapema sana. Usajili wa magari ulipoanza kule mwaka 1904, madaftari ya wilaya yaliandika aina ya bodi na rangi yake. Tusisahau kwamba katika siku zile magari yalikuwa machache, na yalipakwa kwa mkono kama magari ya farasi. Rangi ya gari ilikuwa kama saini ya tajiri. Kisha ikaja zama ya kiwanda. Kati ya mwaka 1914 na 1925 gari la Ford la Model T lilitolewa kwa rangi moja tu, nyeusi. Na hapo neno rangi katika daftari lingekuwa halina faida, sawa na kuandika kwamba gari lina magurudumu manne. Mwaka 1921 Waingereza wakaanzisha kijitabu cha gari, kilichoitwa logbook, na jina hilo likavuka bahari likakaa Kenya hadi leo, katika vinywa vya watu wote. Hati, kama watu, husafiri na jina lake.

Hata hivyo sheria ya Uingereza ya sasa ni rahisi kuielewa: mwenye gari akibadili rangi yake, imempasa kuijulisha ofisi ya usajili na kupewa hati mpya, aliyelivisha gari zima kwa plastiki hana msamaha, kwani linaloangaliwa ni rangi mpya. Kenya vilevile: rangi imo katika kumbukumbu za gari, na anayeibadili hupeleka habari kwa mamlaka ya usafiri, yaani NTSA, gari likakaguliwa na kumbukumbu zikarekebishwa. Tanzania, kadi ya gari huitaja rangi, na mabadiliko hupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Hapa kwetu Burundi, karte roze hutolewa na Ofisi ya Mapato, OBR, iliyoundwa mwaka 2009. Mtu anayetaka kulivisha gari lake na aende kwanza akaulize huko, hati mkononi, kabla hajamlipa fundi hata faranga moja. Kwani kuuliza ni bure, na kuvua ni ghali kuliko kuvaa.

Wengine wataniambia kwamba serikali zinazipenda mno karatasi. Lakini tazameni namna sheria yenyewe ilivyochangia kuieneza plastiki hii. Ujerumani, mwaka wa 1971, teksi ziliamriwa kuwa na rangi moja, ile ya pembe ya ndovu hafifu. Amri ilikuwa njema kwa abiria, lakini mwenye teksi alipata hasara siku ya kuiuza: nani atakaye gari la nyumbani lenye rangi ya teksi? Wenye teksi wakaona ni heri kununua gari la rangi yoyote, kulivisha plastiki ya rangi ya amri, kulitumia miaka kadhaa, kisha kulivua na kuliuza likiwa na rangi yake ya asili bila kuchubuka. Kwa hiyo plastiki, ambayo jirani yangu aliiona kuwa njia ya kupita kando ya sheria, kule ilitumika kama njia ya kuitii.

Nchi za Afrika Mashariki nazo zina sheria za rangi zilizo na historia yake. Dar es Salaam, msafiri huitambua njia ya daladala kwa rangi za mistari yake hata kabla hajasoma kibao. Na hii ni huruma kubwa kwa mtu asiyejua kusoma. Kenya, kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na waziri wa uchukuzi John Michuki, zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, ziliamuru kila matatu iwe na mstari wa manjano ubavuni, pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Wenye matatu walinung'unika, maana uzuri wa matatu ya Nairobi ulikuwa katika michoro na maandishi yake; na mvutano kati ya mstari wa serikali na sanaa ya vijana uliendelea miaka mingi baadaye. New York nako, mwaka 1967 mji uliamua kwamba teksi zenye kibali ziwe za manjano, ili abiria asije akapanda gari la mlaghai.

Na sisi walimu tuna rangi yetu. Mwezi wa Aprili 1939, Frank Cyr, profesa katika chuo cha walimu cha Columbia kule New York, aliwakutanisha wajumbe kutoka majimbo ya Marekani kuzungumza juu ya mabasi ya shule. Walitoka na kanuni 44, na mojawapo ilikuwa rangi: manjano iliyokaribia chungwa, ambayo huonekana mapema alfajiri na jioni, na ambayo herufi nyeusi husomeka juu yake vizuri. Mwaka 2017 Kenya iliiweka rangi ya manjano ya mabasi ya shule katika sheria yake ya barabara. Hivyo, mtoto anayevuka barabara Nakuru leo analindwa na uamuzi uliofanywa na waalimu wa Marekani kabla babu yake hajazaliwa. Rangi si pambo tu. Mahali pengine ni neno la onyo linalosomwa na wote, hata na wasiosoma.

Sasa turudi kwenye lugha, kwani barua ya jirani yangu ilikuwa bado haijaandikwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina la rangi yenyewe. Yeye aliiita kwa Kifaransa, kama tufanyavyo wengi mjini Bujumbura. Kesho yake niliwauliza wanafunzi wangu, ambao baadhi yao walikuwa wameliona gari. Mmoja alisema buluu, mwingine samawati, wa tatu nili, wa nne, nyeusi, na msichana mmoja wa mstari wa mbele alisema rangi ya usiku, akachekwa, ingawa yeye ndiye aliyeona vizuri kuliko wote. Tulitumia kipindi kizima juu ya jambo hilo, nami sijutii.

Katika Kiswahili, vivumishi vya rangi vyenye kuchukua upatanisho wa ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema gari jeupe, nyumba nyeupe, kitabu cheupe. Nyinginezo zote hazinyambuliki namna hiyo; huhitaji kihusishi: gari la kijani, nyumba ya kijivu, kitabu cha manjano. Jambo la kupendeza ni kwamba Kirundi nacho kina zile zile tatu, isipokuwa kwetu ni vitenzi: kwera, kwirabura, gutukura. Mrundi hasemi tu kwamba kitu ni cheupe. Husema kinafanya weupe. Baada ya hizo tatu, lugha zetu zilikopa majina kutoka kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kile kiungo cha pilau. Hudhurungi, kamusi za zamani hueleza, lilikuwa jina la kitambaa kabla halijawa jina la rangi. Samawati ni mbingu. Na damu ya mzee, neno la watu wa vitambaa na magari, linajieleza lenyewe.

Uzuri wa maneno haya ni kwamba yana picha. Udhaifu wake ni kwamba picha hazilingani kwa watu wote. Jani lipi? La mgomba mchanga au la mwembe mkavu? Mbingu ya saa ngapi? Katika ushairi, utata huo ni neema. Katika karte roze, ni hatari. Mtu wa mpakani akisoma samawati huenda akatazamia gari la rangi ya anga ya mchana, kisha akaona la rangi ya usiku, na shaka ikarudi palepale. Tena leo kuna karatasi za kuvishia ambazo hubadilika kwa kadiri unavyozitazama: ukisimama huku ni zambarau, ukisogea kule ni kijani. Mafundi huziita za kinyonga. Naomba mwalimu mwenzangu yeyote aniandikie neno moja litakalotosha katika nafasi ya rangi ya gari la namna hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa kitenzi. Jirani yangu alitaka niandike kwamba hakubadili rangi. Sikuweza kuandika hivyo, kwa maana ofisa ana macho. Wala sikutaka kuandika kwamba amebadili rangi, nikaishia hapo, kwa maana ofisa angeuliza kwa nini ndani ni jeupe. Kati ya uongo mfupi na ukweli nusu, Kiswahili kina njia ya tatu, nayo ni kusema jambo lote kwa utaratibu wake. Niliandika: "Gari hili, ambalo hati zake zinalitaja kuwa jeupe, kwa sasa linaonekana kwa rangi ya buluu iliyokoza, isiyong'aa, kwa sababu limefunikwa nje kwa karatasi ya plastiki yenye gundi. Rangi yake ya asili, iliyo chini ya karatasi hiyo, ni nyeupe kama hati zinavyosema, na yaweza kuonekana katika fremu za milango na chini ya boneti." Nikaongeza namba ya fremu, tarehe ya kazi na jina la garaji, tukaambatisha ankara na risiti.

Ile milango iliyomtia mashakani sasa ikawa shahidi wake. Ofisa alisoma, akaenda akafungua mlango kwa mara ya pili, akabandua pembe ndogo ya plastiki kwa ukucha, akaona weupe. Alilinganisha namba ya fremu. Kisha akamwambia jirani yangu maneno yaliyokuwa ya haki: kwamba barua hii inalieleza gari kwa leo, lakini haliandiki upya daftari, na kwamba akija tena, hati na gari viwe vimepatana.

Kulikuwa na njia mbili za kuvipatanisha: kulibadili neno, au kukirudisha kitu. Jirani yangu alikaa barazani na kalamu, akahesabu safari za ofisini, siku za gari kukaa bila kazi, na wanunuzi wa baadaye ambao wangeuliza maswali. Akachagua kulivua. Fundi yule yule aliipasha plastiki moto, akaivuta polepole, na gari jeupe likatokea. Penye vipini palikuwa na mistari miwili myembamba ya wembe. Fedha alizolipia kuvisha na kuvua, pamoja na faida ya safari iliyopotea, zingalitosha karo na sare za watoto wake wawili kwa mwaka. Sitaki mtu ayasome haya kama kisa cha kuchekesha.

Nimewahi kusikia ikisemwa katika mikutano yetu kwamba kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni fasihi na sarufi, na kwamba mambo ya leseni, forodha na bima ni ya watu wengine. Hapana shaka fasihi ni moyo wa lugha. Lakini Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo Kiswahili kimekuwa kwa mwananchi wa kawaida lugha ya mpakani. Msomi ana Kifaransa chake na Kiingereza chake. Mfanyabiashara wa Kinama ana Kiswahili. Akikosa neno sahihi pale dirishani, hatanukuu shairi. Atapoteza siku, mzigo na heshima.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, tunapofundisha rangi katika madarasa ya chini, tuwaonyeshe watoto vitu halisi na tuwazoeze viambatisho vinavyopunguza utata: iliyokoza, iliyopauka, hafifu, inayong'aa, isiyong'aa. Pili, katika madarasa ya juu, zoezi la insha lisiwe kila mara juu ya safari ya shangazi. Mara moja kwa muhula mwanafunzi aandike maelezo ya kitu kwa ajili ya ofisi, naye mwenziwe akitafute kitu hicho kwa kuyafuata maelezo hayo tu. Tatu, vyombo vyetu vya lugha, BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar, vitupatie orodha fupi ya majina ya rangi kwa matumizi ya hati za magari katika nchi zote za Jumuiya, orodha ya majina kumi na mawili au kumi na matano, yenye vielelezo. Na pale panapoandikwa rangi, paandikwe kwa ukamilifu: rangi inayoonekana nje.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari nalo, likisema jeupe hali macho yanaona buluu, humpotezea mtu mali yake akiwa anaitazama. Lugha sahihi haigharimu kama plastiki, nayo haibanduki juani. Tuwape wanafunzi wetu hiyo kwanza, kisha wayavishe magari yao rangi wazipendazo.